Tangi la Baba Mkwe

Maneno yalianzia kwenye foleni ya maji. Mwanamke mmoja alisema fundi wa kuchomelea wa barabara ya chini amelipukiwa na tangi la pikipiki, kope zote zimeungua. Aliyesimama nyuma yake akasema si kope, ni mkono. Ndoo ya tatu ilipojaa, mkono ulikuwa umeshakuwa kichwa. Ndoo ya sita ilipojaa, kichwa kilikuwa kimeonekana juu ya bati la jirani, macho wazi, kofia haijatoka. Mama Tahadhari alifika nyumbani na nusu ndoo. Nusu nyingine aliimwaga njiani kwa kutetemeka.

Jina hilo la Tahadhari hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa. Ndiye mama aliyewakataza wanawe wawili kukimbia na kalamu mkononi, kupanda kiti pasipo mtu wa kukishika, na kupiga chafya chakula kikiwa mdomoni. Watu walimcheka, naye aliwajibu kwamba anayecheka leo ndiye atakayemwita kesho. Habari ya kichwa juu ya bati ilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni: haimezeki, haitemeki.

Basi fikiria alivyojisikia siku ile ile, saa kumi jioni, mumewe alipoingia uani amekumbatia tangi la pikipiki kama mtu aliyetoka kujaliwa mtoto.

"Mama Watoto," alisema mume, "tumepona."

"Toa hicho kitu nyumbani kwangu!"

"Sikiliza kwanza. Kampuni ya vifurushi inachukua watu kumi. Hawaulizi cheti, hawaulizi umri. Wanachouliza ni pikipiki. Ukaguzi keshokutwa asubuhi. Pikipiki ikiwaka, mwenyewe akiwa mzima, kazi ni yako."

"Pikipiki ipi?"

"Ya marehemu baba."

Mama mzazi wa mume, Bibi wa nyumba hiyo, aliyekuwa amekaa mkekani akisuka ukili, aliangua kicheko mpaka ukili ukamtoka mkononi. "Ile ya kuku? Mwanangu, miaka tisa kuku wanataga juu ya kiti chake. Ukiiwasha itawika."

"Cheka, mama. Injini nimeifungua wiki mbili hizi, nimeisafisha, nimeinywesha petroli kwa chupa na mpira, na imewaka. Kilichobaki ni tangi. Ndani limejaa kutu kama makapi ya chai. Nikiliosha, keshokutwa mimi ni mfanyakazi."

Alilitamka neno *mfanyakazi* polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Miezi minane ilikuwa imepita tangu duka la vitambaa alikokuwa mtunza stoo lifungwe. Kila asubuhi bado alivaa shati lililopigwa pasi, akachomeka kalamu mfukoni, akakaa kwenye kigoda uani kungojea mtu wa kumwandikia risiti. Mtaa ukamwita Meneja. Majirani wa kike walikuwa wakipita na kumwambia, "Meneja, nitupie jicho kwenye sufuria yangu isimwagike, natoka kidogo." Naye aliitupia jicho. Kuna siku alikuwa na sufuria nne za kuangalia, kila moja kwenye mlango wake, akitembea katikati yao mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani. Mama Tahadhari aliyaona hayo kupitia dirisha, akaumia kuliko angeambiwa mumewe amekamatwa akiiba.

Kwa hiyo hakuthubutu kusema tena toa. Alisema, "Mpelekee fundi."

"Fundi gani?"

"Yeyote aliyebaki na kichwa."

"Mafundi wote wa barabara ya chini walikuwa wakija dirishani kwangu stoo kuomba vitambaa chakavu vya kufutia mikono. Leo niende mimi niwaambie, jamani nisaidieni? Hata siku moja." Akalipiga tangi kofi la kirafiki. Vumbi jekundu likamwagika miguuni. "Nitaliosha mwenyewe. Kila kitu kimo kwenye simu."

*

Asubuhi iliyofuata Mama Tahadhari aliwapeleka watoto kwa shangazi yao pamoja na magodoro, kana kwamba anakimbia mafuriko. Akitoka huko alipitia barabara ya chini, akidhani atakuta turubai la msiba. Alikuta mlango wa chuma umelazwa kwenye matofali, na nyuma yake mwanamume mnene asiye na kope hata moja akitafuna mkate.

"Shikamoo, fundi. Samahani. Wewe ndiye yule wa... wa kichwa?"

"Marahaba. Ndiye. Umekuja kutoa pole? Panga foleni, wewe ni wa kumi na moja leo."

"Walisema kilionekana juu ya bati."

"Kilipanda kutafuta kofia," alisema fundi. Kumbe mtaa mzima sasa ulikuwa unamwita Marehemu, na kazi imeongezeka, maana kila mtu alitaka geti lake lichomelewe na mfu. "Mama, kosa langu lilikuwa moja. Tangi nililiosha mara moja nikasema limetakata. Petroli ilitoka, mvuke ukajibana kwenye kona. Nilipogusa moto, nikaagana na kope."

Mama Tahadhari alishika kifua. "Mume wangu analo tangi nyumbani."

"Limetoboka?"

"Hapana. Kutu tu."

"Ah, basi halitaki moto, linataka subira. Suuza kwa sabuni mara nne, tano, mpaka harufu iishe. Mimina siki, tia vipande vya mnyororo, tikisa, liache mpaka kesho. Kilicho kibaya ni ule mvuke. Sasa, hapo kwenye kifuniko ndipo watu..."

Lakini Mama Tahadhari alikuwa ameshasimama. Alikwishasikia *mvuke*. Aliuona kwa macho yake ukitoka kwenye tangi, ukitambaa chini ya mlango kama nyoka, ukiingia kwa jirani, ukipanda jiko.

"Mama, sijamaliza!"

"Nimesikia, fundi! Mvuke! Mungu akuweke!" Na kandambili zake zikawa zinapiga barabara, papa, papa, papa.

*

Alimkuta Meneja uani amekunja mikono ya shati, kalamu ingali mfukoni. Tangi lilikuwa juu ya meza ambayo kwa kawaida watoto huandikia kazi za shule. Tundu la chini, mahali pa koki ya petroli, alikuwa ameliziba kwa kipande cha mti. Karibu yake ilisimama chupa ya maji ya kunywa, ila kilichomo hakikuwa maji ya kunywa.

"Hicho nini?"

"Maji makali ya betri. Nimepewa na jamaa wa gereji."

"Siki, Baba Watoto! Fundi amesema siki!"

"Siki ni ya kachumbari. Siki inataka siku nzima, mimi nina nusu siku. Nimeangalia video. Mzungumzaji anamimina asidi, anasubiri, anamwaga, tangi linang'aa unaweza kunyolea ndevu."

"Umeiangalia yote?"

Meneja alikohoa. "Mwanzo na mwisho. Katikati alikuwa anaongea sana, na bando lilikuwa linakata."

Mama yake alisema kutoka mkekani, "Hata ndoa yake hivyo hivyo. Alisikiliza mahari na sherehe, katikati hakusikiliza."

Ukweli lazima usemwe: mwanzo ule wa video Meneja alikuwa ameushika. Alimimina asidi polepole, akakiweka kifuniko juu ya mdomo wa tangi bila kukaza, akainua kidole kama mwalimu. "Kifuniko kikae legelege. Hapa nilisikia vizuri." Kisha akaingia ndani kutafuta msasa wa kusugulia nje, na rangi.

Mama Tahadhari akabaki na tangi. Alikuwa ameshajipanga. Viberiti vyote vya nyumba alikuwa amevichomeka kifuani. Jiko la mkaa alilihamishia barabarani, na chakula cha siku hiyo kilikuwa mkate mkavu. Ndoo tatu za mchanga zilisimama mlangoni kama askari, kwa kuwa aliwahi kuambiwa moto wa petroli hauzimwi kwa maji. Maji ya kunywa yalibaki chini ya ndoo, kiasi cha vikombe viwili.

Akasikia sauti. Tangi lilikuwa linachemka taratibu, sss, sss, na kifuniko kikitikisika kama cha birika. Pembeni yake palitoka kitu cheupe chembamba, kikapotelea hewani kuelekea nyumba ya jirani, ambako jiko lilikuwa limewaka na mtoto wa miaka miwili anacheza.

Mvuke!

Hakuita mtu. Alifanya kile ambacho mama yeyote mwenye akili na hofu sawasawa angefanya. Alikata kipande cha mfuko wa nailoni, akakikunja mara mbili, akakitandika mdomoni mwa tangi ili hata kitundu kidogo cha kupumulia cha kifuniko kizibwe, akarudisha kifuniko juu yake na kukikaza kwa mikono miwili, akiuma midomo. Sauti ikakoma. Mama Tahadhari akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu kwenye foleni ya maji. Alijiona ameokoa mtaa.

Meneja akarudi na msasa. "Mbona limenyamaza?"

"Labda limemaliza," alisema mkewe.

Maneno hayo mawili. Angesema mengine mawili, hadithi hii isingekuwepo.

Meneja aliinama, akaweka sikio. Akagonga ubavuni kwa kidole kama daktari. Kisha akaleta uso juu ya kifuniko, akakishika, akazungusha. "Kimegan—"

Kifuniko kiliruka mpaka ukutani. Hakukuwa na moto. Hakukuwa na kishindo cha kusimulia kwenye foleni. Palitoka tu mlio kama wa soda iliyotikiswa, na povu la rangi ya kutu likampiga Meneja usoni, jicho la kushoto likipata fungu la mkubwa.

Alipiga kelele ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwake, hata walipomzika baba yake. Akaanguka magoti. Mama Tahadhari akafanya alichojiandaa kukifanya: aliruka, akashika ndoo ya mchanga, akaiinua juu.

"Wewe!" Bibi alikuwa amesimama, kitu ambacho magoti yake yalikuwa yamekataa tangu mwaka jana. "Unataka kumzika kabisa? Maji! Maji!"

"Hakuna maji, Mama!"

"Basi piga yowe, hilo unaliweza!"

Alipiga yowe. Wakaja wale wale wa sufuria, kila mmoja na ndoo yake, wakamlaza Meneja chali kando ya kigoda chake. Mmoja alitaka kumpaka dawa ya meno, Bibi akampiga mkono. Mwingine alileta maziwa, Bibi akamwambia akanywe. "Maji tu. Fungua jicho, mwanangu. Fungua! Mwageni, msiache." Walimwaga ndoo kumi na moja, mmoja akimpokea mwenzake, shati la Meneja likishikamana na mbavu zake mbele ya wanawake wote wa uani, kalamu ikielea kwenye dimbwi.

Mama Tahadhari alikuwa amekamata kichwa cha mumewe mapajani. Kipande cha nailoni kilikuwa kimeanguka karibu na goti lake, kimetoboka toboka. Alikifunika kwa mkono. Kilimchoma kiganja. Hakuuondoa mkono.

*

Nesi wa zahanati alikuwa binti mdogo mwenye kalamu iliyokuwa inagoma. Daktari alikuwa ameshaondoka baada ya kusema alichokuwa nacho: jicho la kulia salama, la kushoto limeungua kioo chake cha mbele, litaona kama mtu anayechungulia kwenye mfuko wa plastiki, labda litapona nusu, labda hapana, na kama si maji mengi yale, leo wangekuwa wanazungumza mengine.

"Naandika ajali ilivyotokea," alisema nesi. "Asidi ilikuwa kwenye tangi. Tangi lilikuwa wazi au limefungwa?"

"Limefungwa," alisema Meneja.

"Limefungwa kabisa? Asidi ikila chuma inatoa hewa, baba. Ukiifungia inatafuta njia. Nani alilifunga?"

Chumba kilikuwa kidogo. Mama Tahadhari alikunja kiganja chenye malengelenge ndani ya khanga. Bibi alikuwa kwenye benchi la mlangoni, ametega masikio mawili kwa nia moja.

Meneja aligeuza kichwa. Jicho lililobaki likamtazama mkewe.

"Mimi," alisema. "Nilikaza mwenyewe."

"Uliambiwa usikaze?"

"Niliambiwa."

"Sasa kwa nini?"

"Ndivyo nilivyo," alisema Meneja.

Bibi akapiga makofi ya huzuni. "Mnasikia? Baba yake aliendesha pikipiki hiyo miaka ishirini, hakuwahi kuinusa kama mbwa. Huyu siku mbili tu na tangi lake, ameshatoa jicho." Njia nzima ya kurudi aliendelea hivyo, na kila neno lililompata mwanawe lilipita kwanza kwa mkwewe. Mkwewe alikuwa na nafasi kumi za kusema. Alizihesabu: kwenye lango la zahanati, kwenye kivuko, dukani waliponunua dawa ya matone. Zote aliziacha zipite.

*

Fundi Marehemu alikuja jioni ile, ameitwa na habari, ambazo zilimfikia zikisema Meneja hana uso. Alipoukuta uso uko mahali pake alionekana kama mtu aliyedanganywa. Hakuuliza mengi. Asidi aliimwaga kwenye shimo mbali na kisima, akalisuuza tangi kwa maji na soda ya mikate mpaka likaacha kutoa povu, akalikausha juani asubuhi yake, akatia mafuta kidogo ya injini na kulizungusha. Meneja alichungulia ndani kwa jicho moja.

"Linang'aa," alisema.

"Linang'aa," alisema Marehemu. "Ungeningoja lingeng'aa hivi hivi."

Pikipiki waliisukuma hadi kwenye ukaguzi, mume akiwa upande mmoja na mke upande mwingine, kwa kuwa daktari alikataza kuendesha. Mtaa ulisimama milangoni. "Meneja, safari njema!" mmoja alipaza sauti, na wengine wakaangalia chini wasicheke. Mkaguzi, kijana aliyevaa fulana ya kampuni, aliiwasha, ikawaka mara ya pili. Akapiga breki, akawasha taa, akafungua tangi na kulimulika ndani kwa simu.

"Mzee, tangi hili nani amekuoshea? Limekaa kama jipya."

"Mimi mwenyewe," alisema Meneja, na kifua kikapanda.

Mkaguzi akaandika. Kisha akamtazama kwenye bendeji. "Na jicho?"

"Vumbi."

"Toa bendeji, funika jicho zima, soma ile namba kwenye geti."

Meneja alisoma. Alikosea tarakimu mbili. Mkaguzi, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko tusi, alimrudishia karatasi. Pikipiki: *imepita*. Dereva: *arudi baada ya miezi mitatu na barua ya daktari*. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu, na nafasi zilikuwa kumi.

Walisukuma hadi nusu ya njia. Kwenye kilima Mama Tahadhari akasimama. Pikipiki ikasimama.

"Ni mimi niliyekaza."

"Najua. Kifuniko hakijikazi."

"Mbona ulisema ni wewe?"

"Ulitaka waandike nini? *Mgonjwa amejeruhiwa na mkewe akimlinda*?" Alifuta machozi ya jicho bovu, ambalo sasa lilikuwa linalia lenyewe bila kuombwa. "Na nilipouliza mbona limenyamaza, Mama Watoto, ulisema limemaliza."

Hakukasirika aliposema hivyo. Angekasirika, mkewe angepata nafuu. Aliinama, akaweka bega kwenye pikipiki, akasubiri mkewe aweke lake.

Kwa hiyo wewe mwenye tangi kuukuu nyumbani, epuka haya:

Kuliosha mara moja ukasema limetakata.

Asidi ya betri. Siki inatosha, inachelewa, lakini haichukui jicho la mtu.

Kuweka kitu kikali kwenye chupa ya maji ya kunywa. Kwetu hakuna aliyeinywa. Hiyo ni bahati, si akili.

Kuruka katikati ya video.

Kumwacha fundi akiwa bado anaongea.

Ndoo tatu za mchanga na vikombe viwili vya maji.

Kuziba tundu la kupumulia, liwe dogo namna gani.

Kuinamisha uso juu ya tangi lililonyamaza.

Kumpa mtu mzima sufuria za kuangalia kwa sababu hana kazi.

Kukaza kitu cha mwenzako kimyakimya. Ukikaza, sema. Usingoje zahanati, usingoje kilimani. Sema kabla hajainama.